Kila Siku Unafungua ZIP. Unamjua Aliyeitengeneza?

Kabla hujasoma mbali, hebu fanya hivi. Chukua faili lolote la Word kwa kompyuta yako, lile jina lake linaisha na .docx. Piga kopi, kisha badilisha jina la hiyo kopi liishe na .zip. Sasa lifungue. Ndani utapata mafolda, picha zote ulizobandika, na maandishi yako yamekaa kwa faili lake. Kumbe faili la Word ni ZIP iliyovaa suti.

Jaribu na APK, zile wasee hutumiana kwa Bluetooth ndiyo wasimalize data. Pia ni ZIP. Kitabu cha EPUB je? ZIP. Picha ya PNG yenyewe si ZIP, lakini imebanwa kwa mbinu ileile iliyozaliwa ndani ya ZIP. Hata kurasa nyingi za wavuti husafiri zikiwa zimebanwa hivyo, brauza yako inazifungua chapchap kabla hujaona kitu. Kama hizo mbinu zingezimwa leo asubuhi, data uliyonunua ya siku nzima ingekuacha njiani mapema sana.

Kwa hivyo leo sitaki tuongee simu mpya wala AI. Nataka tuongee vile vijiprogramu vya kubana mafaili: PKZIP, WinRAR, 7-Zip na kingine kinaitwa xz ambacho pengine hujawahi kukisikia. Ni vidogo na havina mbwembwe, na wengi wetu hatujawahi kuvilipia hata bob. Lakini ukifuata historia yao unaona kitu kimoja kinajirudia. Nyuma ya karibu kila kimoja kuna mtu mmoja tu. Na vile tulivyowachukulia hao watu kulikaribia kutuletea balaa mwaka wa 2024.

Kubana ni nini hasa

Tuanze na siri yenyewe, maana si uchawi. Kuna mawazo mawili makubwa.

La kwanza ni la David Huffman. Mwaka wa 1951 alikuwa mwanafunzi MIT kule Marekani, na mwalimu wake, Robert Fano, aliwapa darasa chaguo: fanya mtihani wa mwisho ama andika insha ya utafiti. Huffman akachagua insha. Swali lilikuwa gumu, hata mwalimu mwenyewe hakuwa amelipatia jibu bora. Huffman akalipata, na mwaka wa 1952 likachapishwa.

Wazo lake ni rahisi. Kwa kawaida kompyuta hupatia kila herufi nafasi sawa. Lakini herufi hazitumiki sawa. Angalia methali yetu: "haraka haraka haina baraka". Ukihesabu pamoja na nafasi kati ya maneno, ni alama 26. Kati ya hizo, "a" peke yake ziko 11! Sasa kwa nini "a" ichukue nafasi sawa na "b" iliyotokea mara moja? Huffman akasema: inayotokea sana ipewe kodi fupi, inayotokea mara chache ipewe ndefu. Ukijumlisha, umeokoa nafasi.

La pili ni la Abraham Lempel na Jacob Ziv, wasomi wawili wa Israeli, waliloandika mwaka wa 1977. Wao waliangalia marudio. Kwa methali hiyo hiyo, ukifika "haraka" ya pili, huna haja ya kuiandika tena. Andika tu: rudi nyuma hatua 7, chukua herufi 6. Ukifika "baraka", andika "b", kisha sema: rudi nyuma hatua 13, chukua herufi 5. Umepata "araka". Kompyuta ikifungua faili inafuata hayo maelekezo na kurudisha kila herufi ilipokuwa. Hakuna kinachopotea.

Hayo mawazo mawili yakiunganishwa ndiyo yanabeba karibu kila ZIP uliyowahi kufungua. Na aliyeyaunganisha vizuri hadi yakaenea dunia nzima ni kijana wa Milwaukee.

Phil Katz na vita vya ARC

Miaka ya 1980 watu hawakuwa na intaneti nyumbani. Waliokuwa na kompyuta walipigia simu kompyuta ya mtu mwingine kwa modemu, wakaacha ujumbe na kuchukua mafaili. Hizo kompyuta za kupigiwa ziliitwa BBS. Modemu ya kawaida ilikuwa ya biti 2,400 kwa sekunde. Faili la kilobaiti 300, yaani saizi ya picha ndogo ya WhatsApp, lilichukua takriban dakika 20. Na simu ya mbali ililipiwa kwa dakika. Sasa unaelewa: kupunguza faili likawa nusu ilikuwa pesa taslimu mfukoni.

Programu iliyotawala wakati huo iliitwa ARC, iliyotoka mwaka wa 1985. Ilikuwa ya kampuni inaitwa SEA, ya Thom Henderson. SEA walifanya kitu cha ukarimu: waliacha watu waone msimbo wa programu yao.

Huko Milwaukee, Phil Katz akatengeneza yake, PKARC. Ilifungua na kubana mafaili yaleyale ya ARC, lakini ilikuwa na mbio kuliko ya wenyewe. Watu wa BBS wakaipenda. Mwaka wa 1988 SEA wakampeleka kortini. Na hapa ndipo stori inakuwa na kona: mtaalamu huru aliyepewa kazi ya kulinganisha misimbo alikuta sehemu za kazi ya Katz zimenakiliwa, hadi maelezo ya pembeni na makosa ya tahajia. Kesi ikaisha mwaka huo huo kwa makubaliano, Katz akalipa.

Lakini nje ya korti umati ulikuwa umeshaamua. Kwa macho ya watu wa BBS, SEA ilikuwa kampuni kubwa inayomkanyaga kijana mmoja. Ukweli ni kwamba SEA yenyewe ilikuwa watu wachache tu. Haikusaidia. Wenye BBS wakaanza kufuta ARC kwa mashine zao, na ARC haikuamka tena. Weka hiyo akilini: umati wa mtandaoni ulishika upande kabla haujasoma faili la kesi. Tutarudi kwake.

Katz naye akaenda kutengeneza muundo mpya kabisa. Mwaka wa 1989 akatoa PKZIP. Na akafanya uamuzi ambao, kwa maoni yangu, ndio uliobadilisha kila kitu: alichapisha maelezo ya muundo wa ZIP hadharani. Yaani yeyote angeweza kusoma jinsi faili la ZIP lilivyopangwa na kuandika programu yake mwenyewe ya kulifungua. Mwaka wa 1993 toleo la pili likaja na mbinu mpya, DEFLATE, ile inayounganisha Huffman na Lempel-Ziv.

Linganisha na yaliyotokea kwa GIF. Ndani ya GIF kuna mbinu nyingine ya kubana, LZW, iliyokuwa na hataza ya kampuni ya Unisys. Mwishoni mwa 1994 ikatangazwa kwamba wanaotengeneza programu za GIF walipe leseni. Watu wakakasirika, wakakaa chini na kutengeneza muundo mwingine wa picha: PNG. Walibana na nini? DEFLATE ya Katz. Jean-loup Gailly na Mark Adler wakaandika zlib, msimbo wa bure wa hiyo mbinu, na leo huo msimbo umejificha ndani ya simu, brauza na magemu kila mahali.

Unadhani basi Katz aliishi kama mfalme? Apana. Alikuwa mtu wa kujitenga, na pombe ilimshinda. Tarehe 14 Aprili 2000 alipatikana amekufa kwa chumba cha hoteli Milwaukee. Alikuwa na miaka 37. Wakati huo herufi zake mbili za jina, PK, zilikuwa zimekaa mwanzoni mwa mamilioni ya mafaili. Bado ziko. Fungua faili lolote la ZIP kwa programu ya kuandika maandishi matupu, na karibu kila mara utaona herufi za kwanza ni P na K. Hata zile APK za Bluetooth.

Siku 40 zisizoisha

Sasa tufike kwa ile unayoijua. Kama uliwahi kushusha gemu kubwa kwa saiba, unajua uchungu wa mafaili 30 yameandikwa part01 hadi part30, halafu part17 haipo. Hiyo ni RAR.

RAR ni kifupi cha maneno mawili: la kwanza ni Roshal, la pili ni hifadhi ya mafaili kwa Kiingereza. Eugene Roshal ni Mrusi aliyeitoa mwaka wa 1993, na WinRAR ya Windows ikafuata mwaka wa 1995. Ilibana kuliko ZIP na ilikata faili kubwa vipande vizuri, kitu muhimu wakati disketi ilibeba megabaiti 1.44 pekee.

Kila mtu anajua kichekesho cha WinRAR. Unapewa siku 40 za kujaribu. Siku ya 41 inakuambia ununue leseni. Unafunga hako kadirisha, na kazi inaendelea, miaka kumi. Kuna watu wameoa na kuzaa na bado wako kwa siku za majaribio. Makampuni ndiyo hulipa, kwa sababu hayataki shida za leseni, na sisi wengine tunateleza. Roshal mwenyewe hujamwona akitamba kwa mahojiano.

Lakini kuna upande wa pili. RAR imefungwa. Roshal ameachilia msimbo wa kufungua mafaili ya RAR, lakini leseni yake inakataza kuutumia kutengeneza programu ya kubana RAR. Na kufunga kuna bei yake. Mwaka wa 2019 watafiti wa Check Point walionyesha kwamba sehemu moja ya WinRAR, ya kufungua mafaili ya muundo wa zamani unaoitwa ACE, ilikuwa na tundu. Faili moja lililotengenezwa kwa ujanja lingeweza kuingiza programu mbaya kwa kompyuta yako. Hilo tundu lilikuwa limekaa miaka 19. Na watu wa WinRAR hawangeweza hata kulirekebisha, maana ile sehemu ilitoka nje na hawakuwa na msimbo wake. Suluhisho likawa moja: kuitoa kabisa.

(Tangazo la umma: kama una WinRAR, enda uangalie toleo lake. Ile ya miaka mitano nyuma itoe leo.)

Mwaka wa 1999 Mrusi mwingine, Igor Pavlov, akatoa 7-Zip. Bure, msimbo uko wazi, hakuna cha siku 40. Alikuja na mbinu yake, LZMA, inayobana kuliko DEFLATE, ingawa inakula muda zaidi. Na LZMA ndiyo inatufikisha kwa stori iliyonifanya niandike haya yote.

Nusu sekunde

Dunia ya Linux iliichukua LZMA ikatengeneza xz. Aliyeibeba ni Lasse Collin wa Ufini. Mwaka baada ya mwaka, yeye ndiye alikuwa mtunzaji: anarekebisha, anajibu barua pepe, anatoa matoleo. Bila mshahara. Na xz ikaingia karibu kila seva ya Linux unayoweza kufikiria.

Mwaka wa 2021 akatokea mtu mtandaoni akijiita Jia Tan. Akaanza kuleta marekebisho madogo madogo, mazuri, kwa heshima. Mwaka wa 2022 wakatokea wengine wakaanza kumsukuma Collin kwa barua pepe: mbona kazi inachelewa, mbona hutoi nafasi kwa mwingine. Collin akajibu kwa uwazi kwamba amekuwa na matatizo ya afya ya akili kwa muda mrefu, na akawakumbusha kwamba hii ni kazi ya kujitolea isiyo na malipo. Presha haikuisha. Polepole, Jia Tan akapewa funguo.

Mwanzoni mwa 2024 yakatoka matoleo mawili, 5.6.0 na 5.6.1. Ndani yake, ukiwa umefichwa kwa mafaili ya majaribio ambayo hakuna mtu hufungua, kulikuwa na mlango wa siri. Ulilenga SSH, ile njia mafundi hutumia kuingia kwa seva wakiwa mbali. Mwenye ufunguo wa huo mlango angeingia kwa seva na kuiamrisha atakavyo.

Aliyetuokoa ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft ambaye pia huandika hifadhidata ya PostgreSQL. Alikuwa anapima vitu vyake, akaona kuingia kwa SSH kunachelewa. Kiasi gani? Kama nusu sekunde. Mimi na wewe tungelaumu mtandao tuendelee na maisha. Yeye akachimba. Tarehe 29 Machi 2024 akawatangazia watu wa usalama alichokipata. Matoleo mabaya yalikuwa yamefika kwa Linux za majaribio kama Debian isiyo thabiti na Fedora inayoandaliwa, lakini hayakuwa yamesambaa kwa seva za kawaida. Wiki chache zaidi, pengine yangekuwa kila mahali.

Jia Tan akanyamaza. Jina ni la uongo ama la kweli, ni mtu mmoja ama kikundi, hadi leo haijathibitishwa hadharani.

Sasa maoni yangu

Watu wengi wakisikia hii stori husema: unaona, vitu vya bure na vya wazi ni hatari. Mimi naona kinyume. Freund aliweza kuchimba kwa sababu msimbo ulikuwa wazi. Tundu la WinRAR lilikaa miaka 19 kwa sababu, kati ya mengine, hata wenyewe hawakuwa na msimbo wa kuangalia. Uwazi ndio ulifanya ZIP iishi kuliko Katz, na ndio uliokamata mlango wa xz.

Hatari iko kwetu watumiaji. Jia Tan hakuvunja hesabu za Lempel na Ziv. Alivunja mtu aliyechoka. Na silaha yake ya kwanza ilikuwa kitu ambacho sote tunakijua sana: kelele za watu kwenye maoni. Ilikuwa ileile ya 1988, umati unaopiga kelele bila kujua uko upande wa nani. Wakati ule ulizika kampuni ya watu wachache ukidhani inaua jitu. Safari hii, zile barua za lawama zilifanya kazi kwa sababu zilifanana kabisa na lawama za kawaida. Hakuna aliyeshtuka. Tumezoea kumtusi mtu anayetupa kitu bure.

Naongea na wewe hasa unayejifunza programu hapa Nairobi, Eldoret, Mombasa ama popote. Kila siku unaandika amri moja na maktaba 200 za watu usiowajua zinaingia kwa mradi wako. Kila moja ina mtu. Kuna mahali amekaa, pengine saa nane usiku baada ya kazi ya mchana, anajibu swali la mtu aliyeandika kwa hasira.

Sikuambii utoe pesa huna. Lakini kuna vitu havina bei. Ukikuta kosa, liripoti vizuri: ulifanya nini, ulitarajia nini, ukaona nini. Ukiweza kurekebisha maelezo ya matumizi, ama kuyaandika kwa Kiswahili, rekebisha. Ukiona watu wanamkaba mtunzaji, muulize anahitaji nini badala ya kuongeza sauti. Ukiwa na kampuni inayoingiza pesa juu ya vifaa vya bure, hapo sasa toa pesa, usijifanye huoni. Na kitu kikichelewa nusu sekunde bila sababu, usikipuuze.

Nina swali moja, mnijibu hapo chini. Taja kijiprogramu kimoja unachotumia kila siku bila kufikiria. Halafu enda utafute jina la anayekitunza, uliandike kando yake. Nataka kuona wangapi mtarudi na jina, na wangapi mtapata ni mtu mmoja tu.